Mama hana sauti tangu apasuliwe goita, na maji yanampalia: tusubiri au tusisubiri?

Barua

Shikamoo daktari.

Mama yangu ana miaka 71. Wiki kumi zilizopita alifanyiwa upasuaji wa goita katika hospitali moja ya rufaa. Kidonda kimepona vizuri, ila tangu azinduke sauti haijarudi. Anaongea kwa sauti ya hewa hewa, maneno matano sita pumzi imekwisha, na ikifika jioni hasikiki kabisa. Masikio ya baba ni mazito, kwa hiyo nyumbani mkalimani ni mimi. Kinachonitisha zaidi ni kwamba akinywa maji au chai anapaliwa. Ugali anakula bila shida. Mwezi uliopita alipata nimonia, akachomwa sindano siku saba.

Walimwingiza kamera puani, wakasema uzi wa sauti wa kushoto umepooza na tusubiri mpaka mwaka uishe, kwani mshipa wa fahamu unaweza kuamka wenyewe. Daktari wa pili anataka awekewe kipande cha silikoni shingoni sasa hivi. Shangazi naye anasema mama anong'one tu ili koo lipumzike, tena ameshaongea na mzee anayekata kimio. Mama anatumia nifedipini na enalaprili za presha, aspirini ndogo kila siku, na vidonge vya homoni ya tezi.

Je, kwa umri wake anaweza kuhimili upasuaji mwingine? Na je, ataimba tena? Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya usharika.

Msomaji, Njombe

Jibu

Marahaba, na poleni kwa kuuguza.

Madaktari wako wawili hawapingani kama unavyodhani. Wa kwanza anazungumzia mshipa, wa pili anazungumzia pengo linalobaki kati ya nyuzi za sauti. Ambacho hakijazungumzwa, kwa maelezo yako, ni maji, na uamuzi wote umelala hapo. Sauti mbovu inaweza kusubiri mwaka. Mapafu ya mtu wa miaka 71 yanayoingiwa na chai kila asubuhi hayawezi, na ile nimonia ya mwezi uliopita ni sababu tosha ya kutosubiri mikono mitupu. Kwa hiyo jibu fupi ni hili: mshipa usubiriwe, kumeza kushughulikiwe wiki hii, na pengo lizibwe kwa muda wakati mnasubiri.

Nyuzi za sauti ni mbili, zimelala ndani ya zoloto, nyuma ya kile kifundo cha mbele ya shingo. Mtu akipumua zinaachana. Akiongea, akikohoa au akimeza, zinakutana na kufunga njia ya hewa. Mshipa wa fahamu unaouchezesha uzi wa kushoto una safari ndefu: unashuka mpaka kifuani, unapinda chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha unapanda tena hadi nyuma ya tezi ya shingo. Mpasuaji wa goita anafanya kazi jirani kabisa nao. Unaweza kuvutwa, kuunguzwa na joto la kifaa cha kuzuia damu, kufungwa na uzi au kukatwa. (Anayesoma hapa ambaye mzazi wake amepooza uzi wa sauti bila kupasuliwa popote, asiridhike na kamera peke yake. Aombe picha ya CT kuanzia chini ya fuvu mpaka kifuani, kwa sababu uvimbe wa pafu, wa umio au wa mshipa mkuu wa damu huweza kujitambulisha kwanza kwa sauti kukauka.)

Uzi uliopooza ukibaki pembeni, katikati panabaki pengo. Hewa inavuja, ndiyo maana maneno sita yanamaliza pumzi. Kikohozi kinakosa nguvu, kwa kuwa mtu hawezi kubana hewa kabla ya kuitoa kwa kishindo. Maji nayo, yanayokimbia kuliko ugali, yanafika kabla mlango haujafungwa. Kijana aliyepooza upande mmoja mara nyingi hufidia: uzi mzima huvuka kidogo mstari wa kati na kumfuata mwenzake. Kwa mzee hata uzi mzima umeshakonda na kulegea, kwa hiyo pengo lilelile humwathiri zaidi. Ushauri wa kusubiri anaopewa mwalimu wa miaka 30 haumfai mama yako moja kwa moja.

Anza na karatasi. Nenda hospitali mliyopasuliwa ukaombe ripoti ya upasuaji na majibu ya maabara ya tezi iliyotolewa. Kwenye ripoti tafuta kama mshipa wa kushoto ulionekana, na kama uliachwa mzima au ulikatwa. Ukikatwa, hoja ya kusubiri mwaka inakosa nguvu. Ukiachwa mzima, kuna matumaini ya kweli: mshipa uliovutwa tu huweza kuamka ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu, na ulioumia zaidi huota upya kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa siku, ndiyo maana madaktari huhesabu miezi 6 hadi 12. Jueni pia kwamba sauti huweza kurudi hata uzi usipocheza tena, kwa sababu mshipa ukirudi nusunusu huupa msuli unene na ukakamavu wa kutosha. Ripoti iseme vilevile kama tezi ilitolewa upande mmoja au yote. Siku yoyote mtu akipendekeza kupasua upande wa kulia, mwambieni kwanza kwamba wa kushoto umepooza. Pande zote mbili zikipooza, shida si sauti tena, ni pumzi.

Sasa kumeza. Mpaka mtaalamu amwone, fanyeni hivi.

Akae wima kwenye kiti chenye mgongo, miguu imegusa chini, na abaki amekaa dakika 30 baada ya kula. Redio izimwe, maongezi yasubiri. Akitaka kumeza ageuze uso kushoto, kama anayetazama bega lake la kushoto, kidevu kikishuka kidogo, ndipo ameze. Anageukia upande uliopooza, si upande mzima. Wengi hukosea hapo. Akigeuka kushoto, upande dhaifu wa koo unabanwa na chakula kinapita kulia penye nguvu. Atumie kijiko cha chai, yaani ml 5 kwa mara moja. Ameze, akohoe kidogo, ameze tena, ndipo apewe kingine. Kuna zoezi la kubana pumzi kwa nguvu wakati wa kumeza ambalo huzunguka sana mitandaoni. Mwenye presha au moyo asilifanye bila kusimamiwa, linaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Vinywaji viongezewe uzito, lakini si kwa kukisia. Nunua bomba la sindano jipya la ml 10, usitumie sindano yenyewe. Chomoa kisukumio, ziba tundu la chini kwa kidole, jaza kinywaji hadi alama ya 10, achia kwa sekunde 10 kamili, kisha ziba na usome kilichobaki. Kikibaki chini ya ml 1, hayo ni maji tu. Kati ya 1 na 4, ni kizito kidogo, anzeni hapo. Kama bado anakohoa, pandeni hadi kibaki kati ya 4 na 8. Msivuke hapo bila ushauri, kwa sababu mzee akipewa vinywaji vizito mno huchoka navyo, hunywa kidogo na kukaukiwa maji. Hesabuni vikombe: lita 1.5 kwa siku, uji ukihesabiwa, isipokuwa kama ana moyo au figo na daktari amempangia kiasi kingine.

Uji laini wa sembe uliochujwa unafaa. Wa ulezi wenye chenga utamkwaruza na kumkohoza. Pimeni ukiwa kwenye joto lile atakalonywea, maana uji unaopoa huganda. Na kijiko kilichotoka mdomoni kisiachwe ndani ya kikombe, kwa kuwa mate huyeyusha wanga na baada ya dakika chache uji mzito umekuwa maji. Vyakula vyenye sura mbili kwa pamoja ndivyo vinavyodanganya: supu yenye vipande, tikiti, chungwa, mkate uliochovywa kwenye chai. Anatafuna kigumu, majimaji yanatangulia.

Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, na kama ni ya bandia yavuliwe usiku na kusafishwa. Asiye na meno afutwe fizi na ulimi. Hili linaonekana dogo, lakini mate yakiingia pafuni, kinacholeta nimonia ni wadudu waliomo kwenye hayo mate.

Usipumzike kwa sababu siku fulani hakukohoa. Upasuaji wa shingo ukiathiri pia mishipa ya hisia za koo, maji hupita kimyakimya. Ndiyo maana aombewe kipimo cha kumeza kwa kamera: kamera ileile ya puani, akipewa maziwa na uji uliotiwa rangi ya chakula, daktari akitazama vinapita wapi. Ni kipimo cha dakika chache, na kinaweza kuonyesha palepale kama kugeuza shingo kunamsaidia.

Dawa zake zinahitaji macho makali. Enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na kikohozi hicho huchanganywa kirahisi na kupaliwa. Msiiache wenyewe. Muulizeni daktari kama anaweza kumbadilishia aina nyingine ya dawa, kwa mfano losartani. Nifedipini anayotumia ikiwa ni ile ya kutoa dawa polepole, isipondwe kamwe, kwani dozi yote hutoka kwa mkupuo na presha kuporomoka. Mkiona haipiti nzima, aandikiwe nyingine. Homoni ya tezi ndiyo yenye mtego. Inatakiwa inywewe tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula, na mkiichanganya na uji au maziwa kiasi kinachoingia mwilini hupungua. Muulizeni mfamasia kuhusu kuiponda na kuikoroga ndani ya ml 5 hadi 10 za maji, apewe kwa kijiko akiwa amegeuza shingo, kila siku namna ileile, kisha kipimo cha damu cha homoni kirudiwe baada ya wiki 6 hadi 8. Kama anatumia vidonge vya kalsiamu, viachane na homoni kwa saa nne. Homoni ikipungua nayo hukwaruza sauti na kumfanya mtu mzito, kwa hiyo msilaumu uzi wa sauti peke yake.

Sasa njia ya kati ambayo hakuna aliyewatajia: sindano ya kujaza uzi uliopooza. Lengo si kuuamsha mshipa. Ni kuunenepesha uzi uliolala pembeni ili usogee katikati na mwenzake aufikie. Penye wataalamu hufanywa mgonjwa akiwa amekaa kitini, macho wazi, kwa ganzi ya kupuliza na kudungwa, bila nusu kaputi. Kamera inapita puani, sindano inapita mbele ya shingo au mdomoni, na kinachoingizwa kwa kawaida hakifiki hata ml 1. Kazi ni dakika chache. Daktari hujaza kupita kiasi kidogo kwa makusudi, kwa kuwa maji ya dawa yatanyonywa, hivyo siku za kwanza sauti huwa ya kukabwa. Msiogope, inalainika ndani ya wiki moja au mbili. Ogopeni pumzi ikibana. Baada ya sindano asile wala asinywe mpaka ganzi iishe, kama saa mbili, la sivyo atapaliwa bila kuhisi. Mara nyingi aspirini ndogo haizuii sindano hii, lakini daktari aambiwe mapema na yeye ndiye aamue.

Ulizeni wanatumia nini. Jeli ya selulosi hukaa miezi 2 hadi 3. Asidi ya hayaluroni, ileile inayotumiwa na wapamba nyuso, hukaa kama miezi 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Kwa mama yako hii ndiyo ingekuwa chaguo letu, kwa kuwa inaisha karibu na muda ambao mshipa utakuwa umeshaonyesha nia yake. Ile ya chembechembe za kalsiamu hukaa mwaka au zaidi, na ikidungwa juujuu hufanya uzi kuwa mgumu, jambo lisilorekebishika kirahisi. Mafuta ya tumboni mwake mwenyewe hayanunuliwi, na penye uhaba wa vifaa hilo si jambo dogo, ila mara nyingi yanahitaji nusu kaputi, na hakuna anayeweza kukuahidi kiasi gani kitabaki. Teflon ilitumika zamani ikaachwa, ilikuwa inaleta vinundu.

Kipande cha silikoni alichotaja daktari wa pili ni tiba nzuri, iliyoelezwa na Isshiki wa Japani mwaka 1974 na kuendelezwa tangu hapo. Kosa ni wakati tu. Wiki kumi ni mapema kwa kitu cha kudumu, kama ripoti haijasema mshipa ulikatwa. Umri wenyewe si kizuizi. Wengi wanaofanyiwa ni wazee, na hufanywa kwa ganzi na dawa kidogo ya kutuliza, kwa sababu mgonjwa lazima aongee mezani. Daktari anafungua dirisha dogo kwenye gegedu la zoloto, anasukuma kipande ndani, anamwambia ahesabu, anakipunguza au kukiongeza kwa kusikiliza sauti. Kwa mzee gegedu hilo mara nyingi limeshakuwa mfupa, hivyo huweza kuhitaji kekee ndogo, na fundi asiyejiandaa kwa hilo huweza kulipasua. Hatari kubwa ni damu au uvimbe kubana njia ya hewa, ndiyo maana mara nyingi hulazwa usiku mmoja. Hapa aspirini ina uzito kuliko kwenye sindano. Ipo pia njia ya kuunganisha mshipa mwingine wa shingo kwenye ule ulioumia, lakini kwa waliovuka miaka 50 na kitu matokeo yake hupungua na huchukua miezi, hivyo isiwe ya kwanza kwenu.

Kabla ya kusafiri pigeni simu idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa ya kanda, au Muhimbili, muulize mambo matatu: yupo anayedunga nyuzi za sauti kwa ganzi? Kuna kipimo cha kumeza kwa kamera? Kuna mtaalamu wa tiba ya usemi? Wataalamu hao ni wachache, na safari ya kwenda kuambiwa rudi mwezi ujao humchosha mzee.

Shangazi umwambie kwa heshima kwamba kunong'ona hakupumzishi koo. Anayenong'ona kwa bidii hubana koo lote, na baada ya miezi tabia hiyo hubaki hata mshipa ukirudi. Kupiga kelele vilevile hapana. Aongee kwa sauti yake ya kawaida, sentensi fupi, avute pumzi kabla ya pumzi kuisha. Zoezi la kupuliza kupitia mrija huku akiguna "uuu" ni zuri, dakika 3 mara nne kwa siku. Wengine huchovya mrija kwenye maji, ila mama yako apulizie hewani tu, asije akavuta maji kwa bahati mbaya. Mazoezi ya zamani ya kusukuma ukuta huku ukitamka kwa nguvu yaacheni. Kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni, kama cha waongoza watalii, kitamsaidia leo leo. Na baba aangaliwe nta masikioni, pengine nusu ya tatizo la jioni liko upande wake.

Kimio kisiguswe. Hakihusiani kabisa na nyuzi za sauti, na kukikata kunaleta damu na usaha kwa mtu ambaye tayari anapaliwa. Tangawizi na asali mkipenda, lakini jueni vinavyomezwa havipiti juu ya nyuzi za sauti. Vikipita, hapo ndipo alipopaliwa. Sindano za vitamini B hazimwamshi mtu mshipa kama hakuwa na upungufu.

Kila Jumapili mrekodi kwenye simu: avute pumzi aseme "aaa" mara tatu, mwandike sekunde za ile ndefu kuliko zote. Chini ya 10 maana yake hewa bado inavuja sana. Mpimeni na uzito. Akiwa wa kilo 60 akapoteza kilo 3 kwa mwezi, ale chini ya uangalizi wa hospitali, pengine hata kwa mpira wa puani kwa muda.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo akivuta hewa kwa mlio wa mluzi au mkoromo, akipumua zaidi ya mara 25 kwa dakika akiwa ametulia, au akichanganyikiwa na kukataa kula. Nimonia ya wazee huweza kuja bila homa. Ganzi midomoni na vidole kukakamaa ni dalili ya kalsiamu kushuka, nayo ni dharura.

Kuhusu kwaya. Pengo likizibwa vizuri, sauti ya kuongea hurudi kwa nguvu ya kutosha mazungumzo ya nyumbani na simu. Noti za juu ni habari nyingine. Zinategemea mshipa wa pili, mdogo, unaoukaza uzi ili sauti ipande, nao hupita juu ya tezi na huweza kuumia kwenye upasuaji uleule. Sindano wala silikoni haiurudishi. Mwalimu wa kwaya amhamishie sauti ya pili, aanze na mazoezi ya dakika kumi, na glasi ya maji ya kwayani abadilishe kwa chupa yake ya uji.